Danieli Hakukataa Vitabu

Somo la juma hili: Danieli 1:1–20



Januari hii watoto wetu wengi wameingia kidato cha kwanza. Wengi wao wametoka shule za msingi za serikali, ambako kwa miaka saba walifundishwa kila kitu kwa Kiswahili isipokuwa somo la Kiingereza lenyewe. Ndivyo ilivyo nchini kwetu tangu 1967. Mtoto anamaliza mtihani wa darasa la saba, anakaa nyumbani miezi kadhaa akisaidia shambani na kulea wadogo zake, na akirudi darasani Januari anakuta baiolojia ni ya Kiingereza, kemia ni ya Kiingereza, jiografia ni ya Kiingereza. Shule hutenga majuma machache ya mwanzo kumzoesha lugha. Baada ya hapo masomo yanaanza, na hayamsubiri mtu.

Nimeyasikia mazungumzo yetu nje ya kanisa baada ya ibada. Wapo wanaosema Kiingereza ndicho elimu yenyewe, na kwamba mtoto asiyekisema hajasoma. Wapo wanaosema lugha hiyo tuliachiwa na mkoloni, na kuwatwisha watoto mzigo huo ni kuwaonea. Pande zote mbili zinawapenda watoto wao. Kwa hiyo naomba tukae pamoja na sura ya kwanza ya kitabu cha Danieli, kwa sababu ni sura inayohusu shule. Ndani yake wamo vijana wanne waliochaguliwa kwa akili zao, masomo ya miaka mitatu, msimamizi aliyekabidhiwa vijana hao, chakula cha kila siku, na siku ya mwisho ambapo mfalme mwenyewe anawahoji.

Danieli na wenzake hawakwenda Babeli kwa ufadhili. Walitekwa. Yerusalemu ulikuwa umehusuriwa, na vyombo vya nyumba ya Mungu vilikuwa vimebebwa na kuwekwa katika hazina ya mungu mwingine. Katika hali hiyo ndipo mfalme Nebukadreza akaagiza vijana hao wafundishwe maandiko ya Wakaldayo na lugha yao. Yaani, kwa maneno ya ratiba zetu za shule, lugha na fasihi. Na maandiko hayo hayakuwa na mafungu ya Torati. Babeli waliandika juu ya vigae vya udongo hadithi za miungu yao, habari za nyota, ishara na ndoto, na historia za wafalme walioteka mataifa. Kijana wa Yuda aliyekaa kusoma vigae hivyo alikuwa anasoma jinsi mtekaji wake anavyouona ulimwengu.

Ukisoma mpaka hapo unategemea Danieli akatae. Na kweli anakataa, ila anachokikataa ni chakula. Anakusudia moyoni asijitie unajisi kwa chakula cha mfalme wala kwa divai yake, anamwomba msimamizi wawajaribu siku kumi kwa vyakula vya mimea na maji, na jaribio linafaulu. Vitabu hakuvikataa. Hakuna mstari hata mmoja unaosema aliomba kuondolewa darasani.

Kisha unakuja mstari wa 17, ambao ningependa kila mzazi ausome mara mbili. Unasema kwamba ni Mungu aliyewapa vijana hao wanne maarifa na ujuzi katika elimu ile. Mungu wa Israeli, ambaye nyumba yake imeporwa, anawasaidia watoto wake kufaulu lugha na fasihi ya Babeli. Mfalme alipowahoji aliwaona wanawapita mara kumi waganga na wachawi wote wa ufalme wake. Hawakufaulu kwa kusukumwa tu. Walisoma kwa bidii kitu ambacho hawakukichagua, na Mungu hakuona aibu kukaa nao katika masomo hayo.

Jambo hili limeingia hata katika mwili wa kitabu chenyewe. Kitabu cha Danieli kinaanza kwa Kiebrania, lakini kuanzia sura ya 2 mstari wa 4 hadi mwisho wa sura ya 7 kimeandikwa kwa Kiaramu, lugha ya mawasiliano ya dola zile kubwa. Habari za tanuru la moto, za maandishi ya ukutani na za tundu la simba, tunazowafundisha watoto katika shule ya Jumapili, zimetufikia katika lugha hiyo. Waliotutunzia Neno la Mungu hawakuona kwamba linachafuka likikaa katika lugha ya ugenini.

Basi Danieli aliweka mpaka wapi? Wataalamu wa Maandiko wana maelezo mengi juu ya chakula kile, na sitayapitia yote. Ninavyoona mimi, aliweka mpaka mahali ambapo kupokea kungemfanya asahau yeye ni wa nani. Walimbadilisha jina, wakamwita Belteshaza, jina la kumtukuza mungu wao, na bado kitabu kinaendelea kumwita Danieli hadi ukurasa wa mwisho. Alizeeka akiwa mtumishi mkubwa serikalini, akizungumza lugha ya watawala kila siku, na sura ya 6 inatuonyesha chumba chake kikiwa na madirisha yaliyofunguliwa kuelekea Yerusalemu, akipiga magoti mara tatu kwa siku.

Kwa watoto wetu, meza ya mfalme iko wapi? Naamini ni dharau. Ni ile dharau inayoandamana na lugha ngeni na kupakuliwa pamoja nayo kama kwamba haviachani. Kiingereza mtoto akipokee chote, sarufi yake, msamiati wake, mashairi yake. Dharau aikatae, na sisi tumsaidie kuikataa, maana mara nyingi tunaoipakua ni sisi.

Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki Mei 2025, aliandika katika kitabu chake cha 1986 kuhusu ukoloni wa akili jinsi walivyotendewa shuleni huko Kenya. Mtoto aliyekamatwa akisema Kigikuyu alichapwa, au alitozwa faini ambayo wazazi wake hawakuwa nayo, au alivikwa shingoni kibao chenye maneno ya kumtukana. Na ili wakamatwe, watoto walifundishwa kuchongeana. Kulikuwa na kitu kilichopokezanwa siku nzima kutoka kwa mkosaji mmoja hadi mwingine, na jioni kila mmoja alimtaja aliyempa. Naomba tuliangalie hilo kwa macho ya kichungaji. Mtoto alifundishwa kumsaliti mwenzake kwa sababu ya lugha ya mama yao. Wazazi na walimu walio katika usharika huu wanajua kwamba vibao vya namna hiyo havijatoweka mashuleni.

Waamuzi sura ya 12 inasimulia habari ya kutisha zaidi. Watu wa Gileadi walisimama kwenye vivuko vya Yordani, na kila Mwefraimu aliyetaka kuvuka walimwamuru atamke neno moja. Aliyeshindwa kulitamka kama wao alichinjwa pale pale. Walikufa 42,000. Maandiko hayasifu jambo hilo. Yanatuonyesha taifa la Mungu likijila lenyewe kwa sababu ya namna ulimi unavyogeuka mdomoni. Huwa nalikumbuka fungu hilo kila ninaposikia darasa zima likiangua kicheko kwa sababu msichana wa watu amesoma neno la Kiingereza kama lilivyoandikwa.

Na madhara ya kicheko hicho ni makubwa kuliko tunavyodhani. Mtoto aliyechekwa Februari hunyamaza hadi kidato cha nne. Mwalimu anauliza juu ya usanisinuru. Mtoto anaujua, aliusoma kwa Kiswahili akiwa shule ya msingi, angeweza kueleza jinsi jani linavyotumia mwanga wa jua. Lakini maneno ya Kiingereza hayajamjia, na yeye hayuko tayari kuchekwa tena, basi mkono unabaki chini ya dawati. Mwalimu anaandika kwamba mtoto haelewi. Nyumbani anaambiwa ni mzembe. Mwisho mtoto anayaamini yote mawili. Mwanafunzi wa namna hii hahitaji kuhubiriwa bidii. Anahitaji mahali pa kukosea bila kuumia.

Wanaowadharau watoto hivi si walimu peke yao. Kanisani tunamwita mtoto wa shule ya mchepuo wa Kiingereza asome mbele ya wageni, tunampigia makofi, na yule wa shule ya kata tunampa fagio. Wazazi tunamwamuru mtoto aongee Kiingereza mbele ya mjomba aliyetoka mjini, kisha tunacheka anapokosea. Hayo tuyaache.

Wengine wataniuliza, je, si afadhali masomo yote yangefundishwa kwa Kiswahili hadi juu? Swali hilo ni halali na ni la siku nyingi. Tume iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza hivyo mwaka 1982, na sera ya elimu ya 2014 ilizitaja lugha zote mbili kuwa za kufundishia. Wenye kuamua waendelee kujadiliana, na sisi tutoe maoni yetu kama raia. Lakini mtoto aliyeanza kidato cha kwanza juma lililopita hawezi kusubiri mjadala uishe.

Sasa niseme kuhusu fasihi, maana hapo ndipo ninapoona hazina ambayo tunaipita bila kuiona. Wazazi wengi hudhani kwamba kusoma riwaya ni kupoteza muda, na vijana wengi hudhani kwamba riwaya ni kitu cha kukariri: majina ya wahusika, dhamira sita, tamathali za semi nne. Wananunua vijitabu vya muhtasari stendi, au wanadesa notisi za mtu aliyedesa notisi za mwingine, wanaingia kwenye mtihani bila kufungua kitabu chenyewe. Hilo linanisikitisha kuliko makosa yote ya sarufi.

Mfalme Daudi alipomchukua mke wa Uria na kumwua Uria mwenyewe, Mungu alimtuma nabii Nathani. Nathani hakuanza kwa amri ya usiue wala ya usizini. Alisimulia hadithi ya tajiri mwenye kondoo wengi aliyemnyang'anya maskini kondoo wake mmoja, aliyemlea ndani ya nyumba pamoja na wanawe. Daudi akawaka hasira juu ya mtu wa kwenye hadithi, akamhukumu, na hapo ndipo alipoambiwa kwamba mtu huyo ni yeye. Muhtasari usingeweza kuifanya kazi hiyo. Kama Nathani angesema kwamba dhamira kuu ni uonevu, Daudi angekubaliana naye na kuagiza chakula cha mchana. Ilibidi kwanza ampende kondoo yule.

Vitabu ambavyo kwa miaka mingi vimekuwa katika orodha ya kidato cha tatu na cha nne hapa kwetu vinaweza kufanya kazi ya Nathani. Chukueni riwaya ya kwanza ya Ngũgĩ kuchapishwa, Weep Not, Child, ya mwaka 1964. Kijana Njoroge anaulizwa na mama yake, Nyokabi, kama angependa kwenda shule. Familia ni maskini, hawawezi kuwasomesha watoto wote; kaka yake Kamau anajifunza useremala. Njoroge anaibeba shule kama wito, anaamini kwamba akisoma ataiokoa nyumba yao na hata nchi yao, na imani yake kwa Mungu imefungamana na imani hiyo. Kisha vita vya Mau Mau vinaifikia familia, Njoroge anatolewa shuleni na kuteswa, baba anakufa, ndoto zote zinavunjika, na kijana anafika mahali pa kutaka kujitoa uhai. Mama yake ndiye anayemfuata gizani na kumrudisha nyumbani.

Ni wangapi kati ya vijana wetu wanaobeba mzigo wa Njoroge? Ukoo mzima umechanga, shamba limeuzwa, na mtoto anajua kwamba akifeli amewaangusha wote. Kijana anayekisoma kitabu hicho chote, polepole, akikutana na neno gumu na kulitafuta kwenye kamusi, huenda akapata maneno ya kulisema jambo ambalo hajawahi kumwambia mtu. Na mzazi akijua kilichomo atapata sababu ya kumwambia mwanawe kwamba mlango wa nyumba hautafungwa kwa sababu ya matokeo ya mtihani. Mwambieni hivyo mapema, wazazi wangu, na mseme wazi.

Au chukueni Passed Like a Shadow cha Bernard Mapalala, ambacho kwa jina lake tu kinamkumbusha msomaji Zaburi ya 144. Ni habari ya familia ya Uganda inayopukutishwa na UKIMWI, mtu mmoja baada ya mwingine. Sisi wenyewe tumezika. Tumewaona wajane wakinyang'anywa vyombo kabla matanga hayajaisha, na yatima wakigawanywa kwa ndugu. Kwa miaka mingi hatukuweza hata kuutaja ugonjwa huo katika mahubiri ya msibani. Tulisema marehemu aliugua kwa muda mrefu. Kuna mambo ambayo kijana ataweza kuyazungumza kwa sababu ameyakuta kwanza katika familia ya kitabuni, iliyo mbali kidogo na yake. Msichana wa kipaimara aliwahi kuniuliza swali juu ya mjomba wake kwa kupitia kitabu hicho, na sidhani kama angeniuliza kwa njia nyingine.

Hatuna sababu ya kuogopa kwamba kuzipenda fasihi hizo kutamfanya mtoto aipoteze lugha yake. Mwalimu Nyerere alipoanza shule Mwisenge, Musoma, alikuwa mtoto wa Kizanaki. Hata Kiswahili alikikuta shuleni. Kiingereza alikisomea Tabora, akaenda nacho Makerere na Edinburgh, akarudi kufundisha Pugu. Na alipokwisha kukimudu alifanya nini? Mwaka 1963, akiwa na nchi changa ya kuongoza, alitoa tafsiri ya tamthilia ya Shakespeare, Julius Caesar, na mwaka 1969 akatoa Mabepari wa Venisi. Miaka yake ya mwisho alizitungia Injili tenzi za Kiswahili. Alichojifunza katika lugha ngeni alikileta nyumbani, na Kiswahili kikapata mali.

Mtume Paulo naye. Matendo sura ya 21 inamwonyesha kwenye ngazi za ngome ya Yerusalemu, umati ukitaka kumwua. Anamgeukia jemadari na kumsemesha kwa Kiyunani. Jemadari anashangaa, maana alidhani amemkamata mhalifu fulani wa Misri, na anampa ruhusa ya kuhutubia. Kisha Paulo anawageukia watu wake na kusema kwa lugha yao, nao wananyamaza kumsikiliza. Ni mtu yuleyule, saa ileile, kwenye ngazi zilezile. Huyu ndiye aliyesimama Areopago akawanukulia Waathene washairi wao wenyewe, na mmoja anayedhaniwa kuwa ndiye aliyenukuliwa, Arato, alitoka Kilikia, nchi ya Paulo. Alikuwa amewasoma. Hakuwakuta kwenye muhtasari.

Jumapili iliyopita baba mmoja alinisubiri mlangoni. Baada ya salamu akasema, "Mchungaji, mimi niliishia darasa la saba. Mwanangu ameanza sekondari. Kiingereza sikijui, nitamsaidiaje?" Nilimjibu kwa kifupi pale, na leo nampa yeye na wengine jibu refu zaidi.

Baba, usiku mkimaliza kula, mwambie akusimulie alichosoma leo, kwa lugha mnayoitumia nyumbani. Kama ni Kiswahili, sawa. Kama ni Kipare au Kisambaa, sawa. Aliyekielewa kisa cha Kiingereza anaweza kukisimulia. Aliyekariri notisi atakwama, na wewe utajua bila kuhitaji Kiingereza. Muulize, "Kwa nini alifanya hivyo?" Muulize, "Wewe ungefanyaje?" Mtihani nao utamtaka aeleze kwa nini, na hapo nyumbani atakuwa amekwisha kufikiri. Halafu mwambie akusomee kwa sauti nusu ukurasa wa Kiingereza. Wewe sikiliza tu. Usicheke, na wadogo zake wasicheke. Mtoto anahitaji sikio linalomvumilia kila siku kuliko kamusi ya bei kubwa.

Jambo lingine liko tayari ndani ya nyumba. Biblia ya Kiswahili unayo. Tafuta na ya Kiingereza, toleo la lugha nyepesi ya siku hizi, si lile la kale ambalo hata Waingereza wenyewe linawapa taabu. Anzeni na Injili ya Marko, kwa kuwa sentensi zake ni fupi na mambo yanakwenda haraka. Soma wewe fungu kwa Kiswahili, kisha mtoto asome lilelile kwa Kiingereza. Kisa anakijua tangu shule ya Jumapili, kwa hiyo maneno mageni yatamjia yakiwa yamekwisha kuwa na maana.

Baraza la wazee limekubali tuufungue ukumbi wa usharika kila Jumamosi kuanzia saa nane hadi saa kumi na moja, kwa wanafunzi wa sekondari wa dini zote. Walimu wawili wastaafu watakuwepo. Tutasoma vitabu vyenyewe kwa sauti, kwa zamu, na vijibuku vya muhtasari vitabaki nyumbani. Tuna meza na taa, ila vitabu vyetu ni vichache. Mwenye nakala ya riwaya, tamthilia au diwani iliyosomwa na mwanawe aliyekwisha kumaliza, hata kama jalada limechanika, ailete ofisini kwa parish worker kabla ya Ijumaa. Kamusi mbili zitatosha kwa kuanzia.

Katika sala za familia juma hili tuwataje walimu wa Kiingereza wa shule zetu za kata. Wengi wana madarasa yaliyojaa na nakala moja ya kitabu, yao wenyewe, na madaftari ya insha wanayasahihisha usiku kucha.